Barabara Kabla ya Gunia

Nyumba yangu ipo Mkolani, hatua chache kutoka barabara kuu itokayo Mwanza mjini kwenda Shinyanga. Kila alfajiri husikia mabasi ya Arusha yakipita, yale yanayozunguka kwa Nzega na Singida, yakapita Katesh chini ya Mlima Hanang, ndipo yafike Babati. Kwa hiyo siku ile ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tulipoambiwa kuwa tope limeshuka mlimani na kuingia mjini Katesh, sikuiona kuwa ni habari ya mbali. Ilikuwa habari ya njia ipitayo mlangoni kwangu.

Mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Sehemu ya mlima iliyolowa maji hata ikakosa nguvu ilimeguka, ikaporomoka na mawe na magogo. Kijiji cha Gendabi ni miongoni mwa vilivyoumia sana. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na waliobaki bila makazi wakahifadhiwa kwenye majengo ya shule. Walihitaji chakula, dawa na mablanketi. Lakini kati ya gari la msaada na mwenye shida palikuwa na tope na mawe. Askari wa Jeshi la Wananchi walifika, na mitambo ikaanza kufungua njia.

Msomaji asidhani hiyo ni kazi nyepesi. Tope linaloziba barabara ndilo hilohilo linaloweza kuwa limefunika watu. Dereva wa katapila akiharakisha, huenda akamuumiza aliye hai au akaivunjia maiti heshima. Akienda polepole, majeruhi wa ng'ambo anazidi kungoja. Mtambo haujui nani alilala wapi usiku ule. Anayejua ni jirani. Ndiyo maana wenyeji hawawezi kuambiwa wakae pembeni wakitazama.

Nasema haya kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukaa pembeni. Mwanzoni mwa mwaka 1998 mvua za El Niño, zilizokuja baada ya ukame, ziliharibu barabara na reli sehemu nyingi za nchi. Basi letu lilikwama kwenye udongo mweusi wa mbuga, tukirudi Mwanza. Mbele yetu lilizama lori la magunia ya mahindi. Sisi abiria, nikiwemo mimi mwalimu wa walimu, tuliketi tukiilaumu Serikali na kuuliza greda litafika lini. Siku ya pili kina mama wa kijiji cha jirani walitokea na makarai ya mawe kichwani. Nilimwamkia bibi mmoja.

"Marahaba, baba," akaitika bila kusimama. "Mahindi yale yanakuja kwetu. Ninyi mnamngoja nani?"

Nilivua viatu nikaingia topeni. Jioni lori lilitoka, na basi likafuata. Kwa miaka mingi nilikuwa nimefundisha Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967. Siku ile nikaisomeshwa upya na mama ambaye huenda hakuwahi kuisikia.

Lakini nisiseme kwamba makarai yanatosha. Jiwe la ukubwa wa nyumba haliondolewi kwa mikono. Tangu mwaka 2000 tuna TANROADS kwa barabara kuu, na ni haki ya mwananchi kutaka mtambo uwepo karibu, wenye mafuta na dereva, kabla ya mvua kuanza. Ila kabla mtambo haujafika kuna saa kadhaa, na saa hizo ni zetu.

Hapa Mkolani nasi tunaishi chini ya vilima vya mawe, na nyumba zinazidi kupanda juu. Kalavati la karibu na kwangu hujaa mchanga na takataka kila msimu wa mvua. Mgongo hauniruhusu tena kushika chepe, lakini vijana wanapolizibua, mimi huwashikia karai.