Enzi za Tume ya Jiji

Wapo wakazi wa Dar es Salaam ambao hadi leo wakitaka kutaja miaka ya mwisho ya karne iliyopita hawasemi mwaka 1997 wala 1998, husema tu "enzi za Keenja" au "enzi za Tume." Vijana wakisikia hivyo hudhani inazungumzwa tume ya uchaguzi au tume ya kuchunguza rushwa. Hapana, ndugu msomaji. Tume inayokumbukwa hapa ni ile iliyokaa mahali pa Halmashauri ya Jiji kuanzia Juni 1996 hadi mwanzoni mwa mwaka 2000. Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliivunja Halmashauri, madiwani wakarudi majumbani, na jiji lote likakabidhiwa kwa watu wachache walioteuliwa, mwenyekiti wao akiwa Bwana Charles Keenja.

Nimeona yafaa kuandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunaikumbuka kwa barabara na kwa vibanda vilivyobomolewa, lakini ni wachache wanaojua hasa ilifanya kazi kwa utaratibu gani. Pili, jambo lililokuwa ndani yake halijaisha. Mwananchi anayelipa kwa ajili ya huduma ana haki ya kujua ni nani aliyetia saini mkataba wa huduma hiyo, na amfuate wapi.

Hebu turudi nyuma kidogo. Dar es Salaam ilipata hadhi ya manispaa mwaka 1949, na ya jiji tulipopata Uhuru mwaka 1961. Ilikuwa na baraza lake, meya wake, na madiwani wake. Kisha yakaja Madaraka Mikoani mwaka 1972, serikali za mitaa zikafutwa, na shughuli za miji zikawekwa chini ya maofisa waliotazama zaidi maendeleo ya vijijini. Nia ilikuwa njema, lakini mitaro iliziba, taa za barabarani zikazimika, na kipindupindu kikazuka nchini mwishoni mwa miaka ya sabini. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yalianza kurudishwa, zikafuata sheria za mwaka 1982, yaani Sheria Namba 7 kwa wilaya, Namba 8 kwa miji, na Namba 9 kwa fedha. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzifuta serikali za mitaa lilikuwa kosa. Ni viongozi wachache wa Afrika waliowahi kusema hivyo juu ya kazi ya mikono yao.

Lakini kilichorudishwa hakikuwa kile kilichofutwa. Watumishi wazoefu walikuwa wametawanyika, magari yamechakaa, na vyanzo vya mapato vimebaki vichache, ilhali watu walizidi kumiminika. Sensa ya mwaka 1988 ilikuta jiji lina watu wapatao milioni 1.36. Ile ya mwaka 2002 ilikuta karibu milioni 2.5. Katikati ya sensa hizo mbili ndipo Halmashauri ilipoelemewa.

Taka ndizo zilizoieleza hali hiyo kuliko hotuba yoyote. Kwa miaka mingi jiji lilimwaga taka zake Tabata, mahali ambapo watu walikuwa wanaishi. Moshi na harufu vikawachosha, wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 mahakama ikawapa haki. Jiji likaomba muda, kisha likaomba tena muda, hadi mwaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa kabisa kuliongezea, akisema kwa maneno makali kwamba mamlaka ya umma haiwezi kudai inawachafulia wananchi mazingira yao kwa faida ya umma. Dampo likahamia Vingunguti, ambako pia kulikuwa na watu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini taka zilizozolewa zilikuwa sehemu ndogo mno ya zile zilizozalishwa kila siku. Nyingine zilizikwa uani, zilichomwa, au ziliachwa zisubiri mvua ya masika izisombe kuelekea Msimbazi.

Mwaka 1994, kabla Tume haijazaliwa, Halmashauri iliamua kujaribu njia mpya. Kazi ya kuzoa taka katika kata 10 za katikati ya jiji ilikabidhiwa kwa kampuni binafsi, Multinet Africa. Mkataba wenyewe ulikuwa wa aina ambayo wengi hatukuwa tumeizoea. Jiji halikumlipa mkandarasi, bali lilimpa haki ya kukusanya ada kwa wakazi na wenye maduka wa eneo lake, naye akalipia jiji matumizi ya magari na dampo. Kwenye karatasi ni hesabu safi. Mitaani watu waliuliza, "Kodi ya maendeleo nilikwisha lipa, sasa hii ya taka ni ya nani?" Wengi wakagoma kulipa. Mkandarasi asipopata ada hana dizeli, asipokuwa na dizeli hazoi, na asipozoa anayedaiwa anasema, "Nilipie nini?" Mduara huo Tume iliurithi mzimamzima.

Sasa tuangalie Tume yenyewe. Kwa kawaida halmashauri ya mji hufanya mambo kwa kamati. Kamati ya fedha hutazama bajeti, nyingine hutazama elimu na afya, nyingine ujenzi na mipango miji. Wakuu wa idara hupeleka taarifa zao huko, madiwani huhoji, na mwisho kikao cha Halmashauri nzima hupitisha au hukataa. Mkataba nao miaka hiyo ulikuwa na safari yake. Idara ilisema inataka nini na fungu liko wapi, zabuni zilitangazwa, bahasha zilifunguliwa siku moja mbele ya wazabuni, wataalamu walilinganisha bei na uwezo, chombo cha zabuni kilipendekeza, na mwisho kabisa ulitiwa saini na lakiri ya Jiji. Msomaji atambue kwamba katika safari hiyo yote diwani si mtaalamu wa kitu chochote. Kazi yake ni kuuliza swali la kijinga. Barabara hii mbona inaanzia pale isianzie hapa? Huyu aliyeshinda ameshazoa taka wapi? Maswali ya kijinga huokoa fedha nyingi.

Halmashauri ikivunjwa, Tume hurithi mamlaka yake yote. Bajeti ni yake, sheria ndogo ni zake, huduma za elimu na afya ni zake, na mikataba ni yake. Tofauti ni kwamba wajumbe wake hawakutoka katika kata. Waliteuliwa na Serikali Kuu na huko ndiko walikowajibika. Hivyo kikao kilikuwa kifupi, na kwa kweli uamuzi ulipatikana haraka. Hilo lazima tulikubali. Madiwani waliochaguliwa mwaka 1994, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi kwa serikali za mitaa, walikuwa hawajatimiza hata miaka miwili, na tayari jina la Halmashauri lilikuwa limeharibika kwa malumbano na tuhuma.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi miaka hiyo, katika kata moja ambayo sitaitaja. Shule za msingi zilikuwa chini ya Jiji, kwa hiyo sisi tulikuwa watu wa Tume tupende tusipende. Chuoni tulifundishwa kutayarisha andalio la somo na kutunza daftari la mahudhurio, hatukufundishwa kusoma mkataba. Mkataba nilijifunza kwenye mkutano wa mtaa. Mkandarasi mmoja alipewa eneo letu, akaja wiki tatu, kisha akapotea, ila mtoza ada wake hakupotea. Lundo likakua nyuma ya ukuta wa shule hata watoto wakalipa jina la mlima. Mkutanoni mama mmoja mzee, muuza maandazi, alisimama akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na miwani: "Mwalimu, aliyempa kazi kijana huyu ni nani, nikamwambie?"

Nilimweleza juu ya zabuni, na Tume, na Waziri Mkuu. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Basi niambie anakaa wapi." Zamani angeambiwa diwani anakaa nyumba ya pili baada ya kisima, na angekwenda alfajiri kabla diwani hajaamka. Diwani huenda angekuwa mvivu, huenda angekuwa mlevi, lakini angeona haya. Mwenyekiti wa mtaa alikuwapo mkutanoni, lakini yeye hakuwa na kiti kwenye meza iliyotoa kazi. Ofisa mtendaji wa kata aliandika malalamiko yetu, nasi tukaandika barua. Baada ya muda alikuja mkandarasi mwingine, na huyo alizoa.

Sisemi hayo ili kuidharau Tume. Mtu anayesema haikufanya kitu hakuwa mjini. Ukusanyaji wa mapato uliimarishwa na barabara nyingi zikatengenezwa. Mabasi ya mikoani, yaliyokuwa yakibanana na watu na mikokoteni katikati ya mji, yalijengewa kituo kikubwa Ubungo. Katika afya, kulikuwa na mradi ulioanza kabla yao kwa msaada wa Uswisi, wa kukarabati zahanati na kuziinua Amana, Temeke na Mwananyamala zibebe wagonjwa ili Muhimbili ipumue. Kazi hiyo iliendelea. Usimamizi wa huduma za jamii hauna mbwembwe. Ni kuhakikisha dawa zilizoandikwa kwenye daftari ziko kabatini, na kwamba darasa lililolipiwa mabati limeezekwa mabati. Vibanda vya barabarani vilivunjwa pia, na waliokuwa wakila kutokana na vibanda hivyo hawakuulizwa. Hapo tena swali la kijinga lilikosa mwenye kuliuliza.

Kwa upande wa taka Tume ilifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko Ubungo. Badala ya kutafuta kampuni moja yenye magari makubwa, kuanzia mwaka 1998 iligawa jiji katika maeneo madogo na kuyapa makampuni madogo na vikundi vya wakazi wenyewe, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Idadi yao ilifika makumi. Wengi wa wafanyakazi walikuwa akina mama na vijana, wenye mafagio, makoleo na mikokoteni, waliopita vichochoro ambavyo lori haliwezi kupita hata dereva akiwa na nia. Ni rahisi kumlipa mtu unayemjua, na ni vigumu kumnyima mwenzio uliyemwona anachota uchafu wako. Kiasi cha taka zilizozolewa kilipanda kwa namna iliyoonekana kwa macho. Shida haikwisha. Katika mitaa ya wenye nacho ada ilitosha, katika mitaa ya makabwela haikutosha, na kikundi cha huko kilifanya kazi ile ile kwa nusu ya malipo. Bei ya ada ilipangwa kwa sheria ndogo, na sheria ndogo ilipitishwa na Tume. Tunarudi palepale.

Wenzetu wa Nairobi walikwisha onja haya kabla yetu. Halmashauri yao ya jiji ilivunjwa mwaka 1983, ikawekwa tume iliyotazamiwa kukaa kwa muda mfupi. Muda huo uliongezwa tena na tena hadi uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1992 uliporudisha madiwani. Mtoto aliyezaliwa siku tume ile ilipoanza alikuwa darasa la tatu kabla wazazi wake hawajampigia kura diwani. Kwa kulinganisha, sisi tulitoka mapema. Sifa hiyo nampa aliyestahili, maana tume inayofanya kazi vizuri ndiyo iliyo ngumu kuiondoa. Watu huanza kusema, "Madiwani wa nini?" Nilisikia walimu wenzangu wakisema hivyo, tena walimu wa uraia.

Mwanzoni mwa mwaka 2000 Tume ilimaliza kazi. Dar es Salaam ikagawanywa katika manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake ikawekwa Halmashauri ya Jiji kwa mambo yanayovuka mipaka, kama vile dampo na kituo cha mabasi. Bwana Keenja aligombea ubunge wa Ubungo mwaka huo huo wa 2000 na kushinda, akawa pia waziri wa kilimo. Wapiga kura walimpa kwa sanduku la kura kile alichokuwa amekipata kwanza kwa barua ya uteuzi.

Baadaye ziliongezwa manispaa za Ubungo na Kigamboni. Tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Safari hii haikuundwa tume, kwa sababu manispaa zilikuwapo na madiwani wao wamo. Vingunguti ilikwisha fungwa zamani, ikafuata Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Asubuhi bado napitiwa na kijana wa taka mwenye kitabu cha stakabadhi, nami kila mara husoma jina la kikundi na muhuri uliogongwa chini yake kabla sijatoa fedha. Yeye huniambia, "Shikamoo mzee, umeshaanza," akasubiri.