Sanaa za Lugha

Mzazi anayezungumza Kiswahili aliyehamia Marekani akifungua ripoti ya mtoto wa shule ya msingi, hukuta “sanaa za lugha” (language arts) na kujiuliza Kiingereza kimekwenda wapi. Ndicho hicho. Madarasa ya chini hukazia stadi: kusoma, kuandika, kusikiliza, kuzungumza; viwango vilivyotolewa na vyama vya walimu huko mwaka 1996 viliongeza kutazama na kuwasilisha kwa picha. Katika sekondari ya juu jina huwa Kiingereza, na uzito huhamia kwenye fasihi na insha za uhakiki.

Nalipenda neno “sanaa” hapo, maana sanaa hutendwa. Linganisha na Kenya: mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne una karatasi tatu, Insha, Lugha, Fasihi. Fasihi simulizi imo, lakini mtoto huijibu kwa kalamu, mdomo umefungwa.