Laiki, beji na moto wa Snapchat: Mitandao ilivyogeuka gemu

Saa tano usiku, kijana anampigia rafiki yake picha ya dari na kuituma Snapchat. Hana la kusema. Anachotaka ni moto usizimike.

Moto huo unaitwa Streaks. Mkitumiana picha kila siku, namba inapanda. Saa 24 zikipita bila mmoja wenu kutuma, inapotea.

Hizi ni mbinu za gemu: pointi, beji, ngazi na orodha ya vinara, zikiwekwa mahali pasipo na gemu. Maana hiyo ilitolewa mwaka 2011 na Sebastian Deterding na wenzake, na watafiti wengi bado wanaitumia.

Je, zinafanya kazi?

Hilo ndilo lilikuwa swali la mwanzo. Mwaka 2014, Juho Hamari na wenzake walipitia tafiti 24. Jibu: mara nyingi ndiyo, ila inategemea mazingira na mtumiaji mwenyewe.

Laiki kichwani

Kisha watafiti wakageukia ubongo. Mwaka 2016, chuo kikuu cha UCLA Marekani kiliwapima vijana 32. Wakiona picha zao zina laiki nyingi, sehemu ya ubongo inayohusika na zawadi ilichangamka zaidi. Pia walipenda zaidi kulaiki picha ambayo tayari ina laiki nyingi, hata kama inaonyesha jambo la hatari.

Nani anafaidika?

Hapa ndipo mjadala ulipo sasa. Utafiti wa mwaka 2023 nchini Marekani uligundua kuwa asilimia 15 ya watu waliozoea zaidi kusambaza habari ndio waliosambaza kati ya asilimia 30 na 40 ya habari za uongo. Sababu kubwa ni mazoea: mtandao humzawadia anayesambaza, uwe ukweli au uongo. Watafiti walipozawadia usahihi, watu walisambaza ukweli zaidi.

Serikali nazo zimeamka. Aprili 2024, Umoja wa Ulaya ulianza kuichunguza TikTok Lite, iliyowapa watumiaji wa Ufaransa na Uhispania pointi kwa kutazama video. Agosti mwaka huohuo, TikTok ilikubali kuuondoa mpango huo Ulaya moja kwa moja.

Na wewe? Tangu 2021, Instagram inakuruhusu kuficha idadi ya laiki. Ingia kwenye mipangilio, uizime, uone kama bado utaposti vilevile.