Pumzi ya Kusukumwa: Utafiti wa Mashine za Kupumulia katika Tiba ya Dharura

Mashine ya kupumulia haitibu ugonjwa. Mgonjwa wa nimonia bado atahitaji dawa, aliyekunywa sumu ya kuua wadudu bado atahitaji kusafishwa, aliyepasuka fuvu bado atamhitaji daktari wa upasuaji. Kazi ya mashine ni kumshikilia mtu hai mpaka tiba hizo zifanye kazi.

Mtu mwenye afya anapovuta pumzi, msuli wa kiwambo hushuka, kifua hupanuka na hewa huingia yenyewe. Mashine hufanya kinyume: husukuma hewa ndani, ama kupitia kinyago kilichobanwa usoni, ama kupitia mrija uliopitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa. Faida za mashine hii zinatokana na msukumo huo, na madhara yake pia. Sehemu kubwa ya utafiti wa miaka 70 iliyopita imekuwa kazi ya kutafuta namna ya kupata la kwanza bila la pili.

Mashine za mwanzo zilizoenea hazikusukuma hewa. Pafu la chuma, lililobuniwa na Philip Drinker na Louis Shaw huko Boston mwaka 1928, lilikuwa pipa kubwa ambamo mgonjwa alilazwa kichwa kikibaki nje. Pampu ilinyonya hewa ya ndani ya pipa ili kifua kipanuke. Polio ilipolipuka Copenhagen mwaka 1952, hospitali ya Blegdam ilikuwa na pipa moja la aina hiyo na vifaa sita vidogo vya kufungwa kifuani. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza walioshindwa kupumua, 27 walifariki.

Mganga mkuu, H. C. A. Lassen, alimwita daktari wa usingizi aitwaye Bjørn Ibsen. Madaktari wa wodi walikuwa wanaona kiwango kikubwa cha bikaboneti katika damu za wagonjwa na kudhani ni kasoro isiyoeleweka ya mwili. Ibsen aliona jambo jingine: hewa ukaa ilikuwa imewajaa kwa sababu hawakuwa wakipumua vya kutosha. Tarehe 27 Agosti, msichana wa miaka 12 aliyekuwa karibu kufa alitobolewa koo, akawekewa mrija, na Ibsen akaanza kumpulizia hewa kwa kuminya mfuko wa mpira. Msichana akapona hatari ile. Kwa kuwa hapakuwa na mashine za kufanya kazi hiyo, waliitwa wanafunzi wa udaktari, takriban 1,500, wakawa wanapokezana kwa zamu usiku na mchana, kila mmoja kando ya kitanda akiminya mfuko. Kuna siku wagonjwa 70 walikuwa wakipumuliwa kwa mkono kwa wakati mmoja. Vifo vikashuka hadi chini ya nusu ya wagonjwa. Mwishoni mwa 1953 Ibsen akafungua katika hospitali nyingine ya jiji hilo wodi ambayo wengi huihesabu kuwa chumba cha kwanza cha wagonjwa mahututi. Ambu, ule mfuko unaojijaza wenyewe na unaopatikana leo katika vyumba vingi vya kujifungulia vya Afrika Mashariki, uliingia sokoni nchini Denmark mwaka 1956.

Mpangilio huo wa mambo husahauliwa upesi. Huduma ya mahututi ilianza kwa watu wengi waliokaa kitandani kwa mgonjwa bila kuondoka. Mashine zilikuja baadaye kuwapumzisha.

Baada ya hapo kwa miaka mingi swali lilikuwa moja: mgonjwa apewe hewa kiasi gani ili vipimo vyake vya damu vionekane vizuri? Mwaka 1967 David Ashbaugh, Thomas Petty na wenzao wa Denver walieleza katika jarida la Lancet habari za wagonjwa 12 ambao, baada ya ajali au ugonjwa mkali, mapafu yao yalivimba, yakajaa majimaji na kukakamaa kiasi kwamba oksijeni ya kawaida haikuwafaa. Hali hiyo leo hujulikana kama ARDS. Waliowekwa kwenye mashine walipewa mililita 10 hadi 15 za hewa kwa kila kilo ya uzito, kiasi kinachozidi sana pumzi ya mtu aliyetulia.

Dalili kwamba hilo lilikuwa kosa zilitoka maabara. Mwaka 1974 Webb na Tierney walionyesha kwamba panya wazima kabisa, wakipuliziwa hewa kwa shinikizo kubwa, mapafu yao hujaa maji ndani ya muda mfupi. Mwaka 1988 Didier Dreyfuss na wenzake wa Paris wakaongeza jaribio la werevu: waliwafunga panya vifua ili visipanuke, wakatumia shinikizo lile lile. Mapafu hayakuharibika. Kumbe kinachojeruhi hasa ni kule kutanuliwa kupita kiasi. Nchini Italia, Luciano Gattinoni akitumia picha za CT aligundua kwamba pafu la mgonjwa wa ARDS halijakakamaa lote. Sehemu kubwa imeziba, na iliyobaki wazi ni ndogo kama pafu la mtoto. Hewa yote ya mtu mzima ilikuwa ikisukumwa katika kisehemu hicho.

Jibu lilitoka mwaka 2000, pale mtandao wa utafiti wa ARDS nchini Marekani ulipochapisha jaribio la wagonjwa 861. Nusu walipewa mililita 12 kwa kilo, nusu 6, na shinikizo la mwisho wa kuingiza pumzi likizuiwa lisizidi sentimita 30 za maji kwa kundi la pili. Katika kundi la hewa nyingi walikufa asilimia 39.8, katika kundi la hewa kidogo, asilimia 31. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda kwa kuwa tofauti ilikuwa wazi. Jambo ambalo naona linastahili kuzingatiwa kuliko hata asilimia hizo ni hili: siku za mwanzo, waliopewa hewa kidogo walikuwa na vipimo vibaya zaidi vya oksijeni. Daktari aliyeangalia karatasi ya maabara pekee angeapa kwamba kundi la hewa nyingi ndilo linaloendelea vizuri.

Kilo zinazohesabiwa hapa hazitoki kwenye mizani. Hukokotolewa kutokana na urefu, kwa sababu mtu akinenepa mapafu yake hayaongezeki. Mwanamume wa sentimita 170, awe na kilo 60 au 110, huhesabiwa kuwa na kilo 66, na pumzi yake ni karibu mililita 400. Mwanamke wa sentimita 160 atapata kama 315. Wanawake wafupi na watu wanene ndio waliokuwa wakipewa hewa ya kupindukia mara nyingi zaidi, na dawa yake ni futi kamba ya fundi cherehani.

Idara za dharura zilichelewa kuingia katika mjadala huu. Ilidhaniwa kwamba mgonjwa hukaa pale saa chache tu, mipangilio itarekebishwa akifika chumba cha wagonjwa mahututi. Lakini vitanda vya mahututi hujaa, saa chache huwa nyingi, na namba iliyowekwa mwanzo huachwa ilivyo. Brian Fuller na wenzake wa St. Louis walibadilisha mipangilio ya mashine ndani ya idara ya dharura yenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 2017: matatizo ya mapafu yalishuka kutoka asilimia 14.5 hadi 7.4. Utafiti huo ulilinganisha kabla na baada, haukuwapangia wagonjwa kwa bahati nasibu, hivyo huenda mengine yalibadilika pia katika kipindi hicho. Hata hivyo gharama ya kuufuata ni ndogo mno.

Hatari nyingine ya idara ya dharura ni zile dakika za kuweka mrija. Mgonjwa aliyelazwa usingizi na kulegezwa misuli hapumui, na akiba yake ya oksijeni huisha haraka. Mwaka 2024 jaribio la watu 1,301 nchini Marekani lilionyesha kwamba kumpa hewa ya msukumo kwa kinyago kabla ya kumlaza kulipunguza kuporomoka kwa oksijeni kutoka asilimia 18.5 hadi 9.1. Kwa walio na ugonjwa sugu wa kuziba mapafu, kinyago hicho huweza kuondoa haja ya mrija kabisa. Na kwa wenye ARDS kali, kulazwa kifudifudi angalau saa 16 kwa siku kulipunguza vifo vya siku 28 kwa nusu katika utafiti wa Kifaransa wa 2013.

Afrika imechangia kwa kuuliza maswali yaliyorukwa. Vigezo vya Berlin vya kutambua ARDS vilidai mashine na kipimo cha gesi za damu, hivyo hospitali isiyo navyo haikuweza kuwa na mgonjwa hata mmoja kwenye takwimu. Kule Kigali, katika hospitali ya chuo kikuu, watafiti walitumia kifaa cha kupima oksijeni kinachobanwa kidoleni na altrasaundi badala yake. Matokeo ya 2016: vigezo vya Berlin havikumpata mtu, vya Kigali vilipata 42, na nusu yao walifariki. Fasili mpya ya kimataifa ya mwaka 2023 ilikubali vipimo hivyo.

Huko Dhaka, hewa ya mapovu, ambayo ni msukumo mdogo unaotokana na bomba lililochovywa kwenye chupa ya maji, ilipunguza vifo vya watoto wenye nimonia. Katika hospitali ya wilaya ya Salima, Malawi, jaribio lililochapishwa 2019 lilikuta watoto waliopewa hewa hiyo wakifa zaidi kuliko waliopewa oksijeni ya kawaida, asilimia 17 dhidi ya 11. Njia ilifanana. Dhaka madaktari walikuwa karibu. Salima watoto walitunzwa katika wodi ya kawaida bila daktari wa kuwaangalia kila siku. Sidhani tofauti hiyo ni ya bahati mbaya.

Utafiti wa nchi 22 za Afrika uliochapishwa mwaka 2025 ulipima wagonjwa waliolazwa karibu 20,000. Mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na asilimia 69 ya mahututi hao walikuwa katika wodi za kawaida. Kati ya walioshindwa kupumua, waliokuwa wakipewa oksijeni walizidi nusu kidogo tu.