Wali, Pilau na Mifupa ya Hadithi: Msimulizi wa Sinema na Mipaka ya Kuukarabati Utunzi Dhaifu

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wamemtazama fanani kwa muda mrefu akiwa mbele ya hadhira yake, akiwa na ngano, utenzi au ala ya muziki. Yuko fanani mwingine ambaye uhakiki wetu haujampa nafasi anayostahili, naye ni msimulizi wa sinema, yaani mtu anayeifasiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili huku picha zikiendelea kuonyeshwa. Makala haya yanafuatilia kwa ufupi historia ya kazi yake, kisha yanauliza: je, usimulizi unaweza kuiokoa filamu iliyopambwa vizuri lakini ikatungwa vibaya? Jibu tunalolitetea ni kwamba msimulizi anaweza kuyakarabati mazungumzo na uhusika, lakini msuko humshinda. Jambo hili lina maana ya pekee Migori na Homa Bay, kama tutakavyoonyesha.

2.0 Kutoka kwa mfafanuzi hadi kwa msimulizi

Chimbuko la kazi hii halikuwa la kisanaa. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, chini ya L. A. Notcutt, ulitengeneza filamu fupi za mafunzo. Maelezo yalirekodiwa katika santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili na Kiluo zikiwemo. Baada ya Colonial Film Unit kuundwa mwaka 1939, magari ya sinema yalizunguka mashambani, na mara nyingi mfafanuzi alisimama na kipaza sauti kuwaeleza watazamaji walichokuwa wakikiona. Mfafanuzi huyo alitakiwa kueleza, hakutakiwa kutunga. Maana ya picha ilikuwa imekwisha kuamuliwa na mwingine.

Kaseti za video ziliugeuza uhusiano huo. Katika kumbi ndogo za video za Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Mtafiti Matthias Krings, katika makala yake ya mwaka 2010, aliieleza sanaa hiyo kwa taswira ya kuugeuza wali kuwa pilau. Nchini Kenya DJ Afro amejulikana kwa kazi ya aina hiyo hiyo, na Uganda ina wasimulizi wake wanaotumia Kiganda. Hawa si wafafanuzi tena. Humpa mhusika jina jipya, hukiwekea kimya maneno, humkejeli mwovu na kumsifu shujaa.

Migori iko katika njia panda ya mikondo hii. Mpaka wa Isebania na Sirari unawagawa Wakuria kati ya Kenya na Tanzania, na mjini Migori Waluo, Wakuria na Wasuba hukutana sokoni kwa Kiswahili. Kwa hadhira isiyo na lugha moja ya mama, usimulizi wa Kiswahili ni daraja. Homa Bay hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa Kiluo kinaenea zaidi, nacho Kiswahili cha msimulizi hupokelewa na hadhira yenye mapokeo yake imara ya sanaa ya kuingilia kati. Katika pakruok, msikilizaji humkatiza mpiga nyatiti ili ajisifu au awasifu rafiki zake, kisha wimbo huendelea. Hadhira iliyolelewa na mapokeo hayo haiwezi kushangazwa na sauti inayoikatiza filamu. Huiona kuwa sehemu ya utendaji.

3.0 Kielelezo: ushindani wa chuoni katika Petta

Ili kuupima uwezo wa msimulizi, tuichukue filamu ya Kitamil ya Petta, iliyoongozwa na Karthik Subbaraj na kutolewa Januari 2019. Rajinikanth anamwigiza Kaali, mlezi wa mabweni katika chuo kilichoko milimani. Wanafunzi wakongwe wakiongozwa na Michael wanawaonea wapya. Anwar, mwanafunzi mpya, anampenda Anu, naye Michael hafurahii mapenzi hayo. Picha za Tirru na muziki wa Anirudh Ravichander vinaifanya kila hatua ya Kaali iwe tukio la kutazamwa. Kwa upande wa mapambo, filamu hii haina la kulaumiwa.

Kasoro iko katika utunzi. Ushindani wa chuoni, uliojengwa kwa taharuki nzuri, unaachwa kabla haujafikia kilele chake. Tunaambiwa kwamba Anwar ni mwana wa rafiki wa Kaali aliyeuawa zamani, na hadithi inahamia Uttar Pradesh kufuata kisasi dhidi ya Singaaram. Swali la awali, yaani mwenye nguvu amfanyie nini asiye nazo katika taasisi ya elimu, halijibiwi. Michael, aliyekuwa kinzani kamili, anabaki kama ngazi iliyotumiwa kupandia ghorofa nyingine.

Msimulizi hodari angeweza kufanya nini hapa? Angeweza kumpa Michael ulimi mkali, kumpa Anu maneno ambayo mswada umemnyima, na kuufupisha kwa utani urefu wa filamu inayokaribia saa tatu. Hata hivyo, hawezi kuirudisha hadithi chuoni wakati picha zimekwisha kuondoka. Viungo huubadilisha wali, lakini haviongezi mchele uliopungua chunguni.

Huenda ikadaiwa kwamba hadhira ya filamu za aina hii huja kumtazama nyota, na kwamba kudai msuko ni kupima pishi kwa ratili. Hoja hii ina uzito. Lakini Petta yenyewe ndiyo iliyoweka ahadi ya ushindani wa chuoni, nasi tunaipima kwa ahadi yake.

4.0 Hitimisho

Migori leo ina Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake mwaka 2016, na Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichopata hati mwaka 2022. Ushindani wa chuoni si hadithi ya mbali tena kwa vijana wa huko, na tamasha la kitaifa la drama sasa linashindanisha filamu pia. Kijana mwenye simu anaweza kupata picha nzuri kwa gharama ndogo, ila msuko hauuzwi dukani. Akimsikiliza msimulizi kwa makini, atatambua mahali ambapo sauti hiyo inahangaika kuziba pengo, na hapo ndipo mtunzi alipolegea. Kwa sababu hiyo, idara zetu zina wajibu wa kukusanya na kuhakiki rekodi za wasimulizi hawa kabla hazijapotea. Rekodi hizo ni fasihi, na pia ni uhakiki uliofanywa papo kwa papo na watu ambao hatukuwahi kuwaita wahakiki.