MUMBAI HADI DUBAI: Umbali, muda wa safari na fumbo la saa

Abiria anayeondoka Mumbai saa nne asubuhi huweza kuteremka Dubai saa sita kasorobo mchana wa siku iyo hiyo. Ukizitazama saa hizo kwenye tiketi, utadhani amesafiri kwa muda usiofika saa mbili. Ukweli ni kwamba safari yake imechukua saa tatu na robo.

Kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Chhatrapati Shivaji Maharaj, Mumbai, na ule wa Dubai kuna takriban kilomita 1,930, sawa na maili 1,200. Huo ni umbali wa mkato. Ndege husafiri mbali kidogo zaidi kwa kuwa hufuata njia maalumu za angani, sehemu kubwa ikiwa juu ya Bahari ya Arabu.

Kwa kasi ya kilomita 850 kwa saa, masafa hayo yangekwisha kwa muda wa saa mbili na robo. Hata hivyo, ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka langoni hadi inapoegeshwa. Kusubiri zamu ya kuruka, kupaa, kupunguza mwendo na kutua huongeza muda.

Kurudi Mumbai huwa haraka kidogo, aghalabu saa tatu hivi. Sababu ni upepo mkali wa juu uvumao kutoka magharibi, hasa miezi ya baridi, ambao huisukuma ndege iendayo mashariki na kuikabili iendayo magharibi.

Tofauti ya saa

Saa za India ziko mbele ya zile za Dubai kwa saa moja na nusu, na nchi zote mbili hazibadilishi saa kwa misimu. Anayetoka Dubai saa nne asubuhi atawasili Mumbai saa nane na nusu mchana, kana kwamba amesafiri kwa saa nne na nusu.

Kanuni ni moja: kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji unaotajwa kando yake. Ili kujua muda halisi, zigeuze kwanza saa zote mbili ziwe za mji mmoja, ndipo utoe.

Jambo hili lawahusu pia Wakenya wanaopitia Dubai kwenda India kutafuta matibabu. Dubai iko mbele ya Nairobi kwa saa moja, na Mumbai kwa saa mbili na nusu. Muda wa kusubiri ndege ya pili huhesabiwa kwa saa za Dubai pekee.

Tahadhari nyingine ni tarehe. Tiketi ikisema 00:45 Jumanne, maana yake ni saa saba kasorobo usiku wa kuamkia Jumanne. Atakayefika uwanjani Jumanne jioni atakuta ndege ilikwisha kuondoka.

Mwisho, hakikisha herufi za uwanja. DXB ni uwanja mkuu wa Dubai, ilhali DWC ni ule wa Al Maktoum, nje ya jiji. BOM ni Mumbai, herufi zilizobaki tangu jiji hilo likiitwa Bombay, kabla ya jina kubadilishwa mwaka 1995. Navi Mumbai nako kuna uwanja mwingine, uliozinduliwa Oktoba 2025. Ukiteremkia uwanja mmoja na kuondokea mwingine, tenga muda wa kuvuka jiji.