Kuwasha na Kuamilisha: Historia Fupi ya Istilahi Mbili

Katika bonde la Kilombero neno "kuwasha" halihitaji ufafanuzi. Bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme mwaka 1975, na mtambo wa Kihansi ukafuata karibu robo karne baadaye. Lakini neno linaloifaa taa haliifai kila hatua ya kompyuta.

Mwaka 2001 kampuni ya Microsoft ilitoa mfumo endeshi wa Windows XP. Mtumiaji alipewa siku 30 za kuhakikisha kwamba nakala yake ni halali. Asiyekuwa na intaneti alipiga simu, akasoma tarakimu 50, akapewa nyingine za kuingiza. Aliyesakinisha mfumo upya alitakiwa kuhakikisha tena. Muda ukiisha, hakuruhusiwa kuingia. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015, mashine iliyokwisha kutambuliwa huweza kuidhinishwa tena kwa intaneti bila tarakimu mpya.

Sasa, mkazi wa Ifakara akielekezwa "kuwasha Windows", atabonyeza kitufe cha umeme. Mashine itawaka, idhini haitapatikana. Kosa hilo si lake, bali ni la mfasiri.

Ndiyo sababu tunapendelea "kuamilisha", neno lenye undugu na "amali" na "muamala", kama vile "kusakinisha" lilivyo na undugu na "maskani". Kusakinisha ni kuipa programu makao; kuamilisha ni kuipa ruhusa ya kutenda kazi. Umeme huwasha mashine; idhini huamilisha mfumo. Yafaa walimu na waandishi wa miongozo wazitenganishe hatua hizi.